Una watoto? Tafuta kwingine!

Ndugu msomaji, hebu nenda leo Nyakato, Kirumba au Igoma, mtafute dalali umwambie unataka vyumba viwili. Hatakuuliza jina wala kazi. Atakuuliza, "Una watoto wangapi?" Ukisema wawili, ataguna. Ukisema wanne, atakumbuka ghafla kwamba vyumba vile vilichukuliwa jana.

Hapo ndipo Mwanza yetu ilipofika. Mlevi anapangishwa. Anayefungulia redio hadi saa nane usiku anapangishwa. Bachela anayeleta mgeni mpya kila Jumamosi anapangishwa, tena anasifiwa kwamba ni mpangaji mzuri maana hana watoto wa kuchafua ukuta. Baba mwenye mke na watoto watatu, anayelala saa tatu kwa uchovu wa kazi, huyo ndiye mzigo!

Wewe kijana unayesoma gazeti hili kijiweni, usicheke. Leo una chumba kimoja Mabatini, godoro na sufuria mbili. Kesho utaoa, keshokutwa utaitwa Baba Fulani. Ndipo mama mwenye nyumba, yule anayekutania kila asubuhi, atakuita pembeni akwambie chumba anakitaka, mwanawe anarudi kutoka Dar es Salaam. Mwanawe huyo harudi ng'o.

Sheria iko wapi? Ilikuwapo. Mwaka 1984 Bunge lilipitisha sheria ya kudhibiti kodi za nyumba. Ilikuwa na mabaraza yake, na mwenye nyumba hakuweza kumtupia mpangaji vyombo nje kwa sababu tu ameamka vibaya. Sisemi ilikuwa malaika. Kesi zilichelewa, na wako wajanja walioitumia kung'ang'ania nyumba za watu. Lakini paa likivuja unaziba, hubomoi nyumba nzima! Serikali ya Mkapa ikaifuta mwaka 2005, tukaachiwa soko huria. Soko huria kati ya nani na nani? Kati ya mwenye ufunguo na mwenye mtoto mgongoni?

Serikali hiyohiyo ndiyo iliyouza nyumba za umma kwa watumishi wake kuanzia mwaka 2002. Wakubwa wakapata vyao. Mlalahoi akapata dalali, anayedai pango la mwezi mzima kwa kukuonyesha mlango tu, juu ya kodi ya miezi sita kwa mkupuo.

Halafu mwaka 2009 ikaja Sheria ya Mtoto. Inakataza mtoto kubaguliwa, hata kwa umri wake, na inamtaka mzazi ampe mtoto malazi. Maneno matamu! Lakini yanaishia getini. Baba anabanwa na sheria atafute chumba, na anakinyimwa kwa sababu ya mtoto huyohuyo.

Kama haitoshi, mwaka 2021 kodi ya majengo ikahamishiwa kwenye LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Mwenye kununua umeme ndiye anayekatwa, na mara nyingi huyo ni mpangaji. Tuliambiwa tumalizane na wenye nyumba. Nani mwenye watoto watatu atathubutu kumdai shilingi 1,500 mtu anayeweza kumwambia ahame mwisho wa mwezi?

Hata hivyo mwenye nyumba nisimgeuze shetani. Wengi wao ni makabwela kama sisi, waliojenga chumba baada ya chumba kwa pensheni, kwa samaki, kwa kuuza nyanya. Ukitaka kujua kwa nini anaogopa watoto, usiangalie ukuta, angalia choo. Mji huu umekaa juu ya mawe. Kuchimba shimo la choo kwenye mlima wa Igogo au Mabatini ni kupasua mwamba kwa nyundo na moto, na likijaa gari la kunyonya maji taka halipandi huko. Shimo fupi, familia sita, watoto kumi na watano: mama wa watu anahesabu vichwa. Bomba la maji taka limefika kwenye baadhi ya milima yetu. Likifika kwote, hofu hiyo itapungua kuliko kwa hotuba mia moja za Siku ya Mtoto wa Afrika. Hilo ni jukumu la Serikali, na mjane mwenye vyumba vinne halimhusu.

Basi kijana, ukienda kutafuta nyumba usimwachie mkeo kazi yote, wala usiangalie vigae na rangi. Capri Point na Isamilo tuwaachie wenye nazo. Nenda mvua ikiwa imenyesha, uone maji ya Mto Mirongo yanafika wapi. Ukipanga karibu na ziwa, jua mtoto ataingia majini hata umkataze, na maji ya ufukweni yana kichocho. Kiseke, Buswelu na Buhongwa kuna nafasi ya mtoto kukimbia, lakini hesabu nauli ya daladala kwa mwezi mzima kabla hujafurahia uwanja. Ulizia shule, na kama njia ya kwenda huko inavuka barabara kuu ya Musoma au ya Shinyanga, tafuta upande wa pili.

Halafu dai mkataba wa maandishi. Idadi ya watoto iandikwe humo, pamoja na muda wa notisi, na mashahidi wawe wawili. Watoto usiwafiche kwa shangazi hadi upewe ufunguo. Siku watakapokuja ndiyo siku ya vita. Ukiwa na karatasi hiyo utakuwa na la kusema mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Na diwani akija kuomba kura, kabla hajagawa fulana na kofia, mwulize ni vyoo vingapi vya mtaa wako vimeunganishwa na bomba, na kama chama chake kiko tayari kuturudishia sheria kilichoifuta mwaka 2005. Mwache ajibu mbele ya watu.