Manowari ya doria si pambo la bandari

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Nayakumbuka maneno hayo kila nisikiapo ikitajwa KNS Jasiri, manowari yetu ya doria.

Meli hiyo iliagizwa kutoka Uhispania mwaka wa 2003. Ilifika Mombasa mwaka wa 2012, baada ya mkataba wake kuorodheshwa miongoni mwa kandarasi tata za Anglo Leasing. Sina nia ya kuifufua kesi hiyo. Linalonikera ni kwamba tulipokuwa tukizozania karatasi, bahari haikutungoja. Miaka hiyo ndiyo maharamia wa Somalia walipotamba. Mnamo Septemba 2008 waliiteka MV Faina iliyokuwa ikija Mombasa na vifaru 33.

Wako wanaodhani kwamba manowari ni mizinga tu. La hasha! Sheria ya kimataifa inaipa nchi haki ya kuvuna mali ya bahari hadi maili 200 za baharini kutoka pwani, yaani kilomita zipatazo 370. Ni mvuvi gani wa Vanga au Kipini atakayefika huko kwa mashua yake, hasa kusi linapovuma? Meli za kigeni hufika, na zikikosa mchungaji huzoa samaki zitakavyo. Sifa ya meli ya doria basi ni kukaa huko nje siku nyingi: kuzikagua meli za uvuvi, kuyanasa majahazi yabebayo dawa za kulevya, na kuwaokoa waliozidiwa na mawimbi.

Nitaambiwa kwamba tangu Novemba 2018 tuna Walinzi wa Pwani, na kwamba kazi hiyo sasa ni yao. Nawapongeza, lakini bahari ni pana na kidole kimoja hakivunji chawa. Jeshi la Wanamaji lisiwaachie mzigo huo peke yao.

Ombi langu kwa serikali ni moja. Kila mwaka Bunge liambiwe meli zetu za doria zilikaa baharini siku ngapi, na zilikagua vyombo vingapi. Hiyo si siri ya vita. Ni daftari la mali yetu, na mlipa kodi aliyeigharimia meli ana haki ya kulisoma. Meli iliyofungwa gatini hailindi hata dagaa.