Mkimbizi Naye Ana Haki ya Kupiga Kelele

Hapa Nakivale mkimbizi anaruhusiwa kuimba nyimbo za aina mbili: za kushukuru na za amani. Kila tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, jukwaa husimamishwa, spika hufungwa, wageni huketi chini ya turubai, na vijana wa Base Camp, Rubondo na Juru hupanda mmoja baada ya mwingine kutuambia kwamba amani ni nzuri, kunawa mikono ni muhimu, na wafadhili wabarikiwe. Sina ugomvi na amani, wala na sabuni. Ugomvi wangu ni na ile sheria isiyoandikwa popote, kwamba mtu aliyepoteza nyumba, shamba na ndugu lazima aimbe kwa upole.

Mimi ni shabiki wa muziki mgumu: panki, metali, na ile panki iliyoongezwa kasi inayoitwa hadikoo. Asiyeijua aelewe hivi: wimbo wa dakika moja au mbili, gita linalokwaruza, ngoma zinazokimbia kama zinafukuzwa, na mtu anayepiga mayowe badala ya kubembeleza. Kuipata huku ni kazi. Maduka ya Mbarara yanayotia nyimbo kwenye memori kadi yamejaa Bongo Fleva, dansi ya Kongo na nyimbo za injili. Ukiomba rekodi ya Duma unaulizwa kama unataka filamu ya wanyama. Kwa hiyo nanunua bando na kujitafutia mwenyewe. Na katika kutafuta nimegundua kwamba rekodi kali kuliko zote za miaka hii hazitoki Ulaya. Zinatoka Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, kwa majirani zetu.

Nitazipima kwa kipimo kimoja tu: je, wimbo unasema umekasirishwa na nini? Wajuzi wabishane wanavyotaka kama hii ni hadikoo halisi au siyo. Mimi nauliza swali hilo moja.

Nianze na hao Duma. Ni vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, waliopitia bendi za metali za jiji hilo. Albamu yao iliyobeba jina la bendi ilitoka mwaka 2020 kwa lebo ya Kampala iitwayo Nyege Nyege Tapes. (Jina la lebo hiyo kwa Kiganda linahusu hamu ya ghafla ya kucheza, kwa Kiswahili, heri tunyamaze.) Sisi tukisikia duma tunamwona mnyama mwenye mbio; wao wanasema wamelitoa neno hilo katika Kikuyu, na maana yake ni giza. Zote mbili zinafaa. Ngoma za mashine zinakimbia kuliko miguu ya binadamu, na juu yake sauti inapasuka kama bati linalong'olewa na upepo. Naipenda albamu hii. Lakini kwa kipimo changu imeanguka. Nimeisikiliza mara nyingi, na bado siwezi kumweleza mwenzangu ni nani aliyewaudhi. Hasira ipo, anwani haipo. Msikilizaji wa Berlin anaweza kuridhika na hasira isiyo na anwani, kwa sababu kwake ni ladha. Sisi ladha hiyo tunayo ya kutosha nyumbani.

Khanja huyohuyo, kwa jina la Lord Spikeheart, alitoa albamu ya The Adept mwezi Aprili 2024, na hapo alipiga hatua. Aliitoa kwa lebo yake mwenyewe, Haekalu, na kuiweka wakfu kwa Muthoni wa Kirima, anayemtaja kuwa bibi yake wa ukoo. Muthoni alipigana msituni na Mau Mau hadi akapewa cheo cha juu cha kijeshi ambacho mwanamke mwingine hakukifikia. Uhuru ulipokuja hakuzikata nywele alizotoka nazo msituni; zilikatwa mwaka 2022, naye akafariki mwaka uliofuata. Fikiri juu ya hilo: mwanamke aliyebeba kichwani, kwa miaka zaidi ya hamsini, swali ambalo serikali ilikuwa haijalijibu. Ukijua habari hiyo, mayowe ya mjukuu wake hayawi tena mapambo. Yana ukoo, yana msitu, yana deni. Maneno bado ni vigumu kuyanasa, lakini safari hii nimejua nisikilize upande gani.

Nihiloxica wa Kampala wao wanapiga ngoma za Buganda pamoja na mashine za umeme, na ngoma hizo ni nzito kuliko gita lolote. Albamu yao ya mwaka 2023 inaitwa Source of Denial, yaani, kwa tafsiri yangu, chanzo cha kukataliwa. Kwa rekodi hiyo waliulenga mfumo wa viza na uhamiaji, hasa wa Uingereza, unaomfanya mpiga ngoma wa Uganda aombe ruhusa na kusubiri wakati mwenzake Mwingereza wa bendi hiyohiyo anapita tu. Maneno ni machache mno, lakini jina limekwisha kusema yote. Mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye foleni ya mahojiano hapa Base Camp, karatasi mkononi, akiambiwa arudi wiki ijayo, hahitaji mkalimani wa rekodi hii.

Kisha kuna Crystal Axis, bendi ya panki ya Nairobi, na wimbo wao Leopold. Huu umefaulu kwa alama zote. Unamtaja mfalme wa Ubelgiji aliyeimiliki Kongo kama shamba lake binafsi tangu 1885 hadi 1908, enzi ambayo watu walikatwa mikono kwa ajili ya mpira. Mimi nimezaliwa na Wakongo. Nimekaa Nakivale miaka mingi, nimesikia nyimbo mia za amani ya Kongo, na hakuna hata mmoja uliothubutu kutaja jina hilo. Tumesubiri vijana wa Kenya waje na gita watutajie.

Na singeli ya Dar es Salaam? Najua shabiki wa panki atanicheka, lakini singeli ndiyo hadikoo yetu. Ilizaliwa uswahilini, kwenye vigodoro na studio za chumba kimoja. Mkusanyo wa Sounds of Sisso uliotoka mwaka 2017 ulionyesha dunia kasi yake, mapigo zaidi ya mia mbili kwa dakika. Na juu ya kasi hiyo MC anasema: kodi ya nyumba, polisi, umbea, njaa. Anasema kwa Kiswahili ambacho bibi yangu anakielewa. Duma wana mayowe bila anwani. Singeli ina anwani mpaka namba ya nyumba.

Sasa rudisha kipimo hichohicho Nakivale. Nyimbo zetu za amani hazimtaji aliyeivunja. Nyimbo zetu za shukrani zinataja aliyetoa, hazitaji kilichopungua. Kundi moja la vijana ninalolifahamu liliandika wimbo juu ya mgao wa chakula uliokatwa. Kabla ya shindano, waandaaji waliwaambia kwamba wimbo ni mzuri ila haujengi, wabadilishe ubeti wa pili. Wakabadilisha. Ubeti uliosema sufuria iko tupu ukawa ubeti wa kuhimiza watu wafanye kazi kwa bidii. Walipewa fulana. Sufuria ilibaki kama ilivyokuwa.

Wapo watakaonipinga, na niwajibu mmoja mmoja.

Baba mchungaji atasema huu ni muziki wa shetani. Shikamoo baba, lakini spika za kanisa lako zinavuma usiku kucha na sijawahi kulala mapema siku ya mkesha. Kelele si dhambi kumbe, inategemea nani kazishika. Tena fungua Zaburi ya 137. Ni zaburi ya watu waliohamishwa kwa nguvu. Waliowateka wanawataka waimbe wimbo wa furaha, nao wanatundika vinubi na kukataa. Na wanapofungua kinywa mwishoni wanatoa maneno makali kuliko bendi yoyote niliyoitaja. Biblia haikuufuta ubeti ule kwa sababu haujengi.

Mzee atasema ni mambo ya Wazungu. Hapana, mzee wangu. Hadikoo ilitiwa kasi na Bad Brains, vijana Weusi wa Washington, na albamu yao ya 1982 bado ni shule. Kabla yao, ndugu watatu Weusi wa Detroit wenye bendi iitwayo Death walirekodi panki mwaka 1975, wakati neno lenyewe halijapata umaarufu. Kazi yao ikakaa kabatini hadi 2009. Muziki huu Mzungu ameuuza sana. Hakuuzaa peke yake.

Pingamizi la tatu ndilo zito, na silichezei. Mtu atasema: hapa Nakivale tunaishi Wakongo, Wanyarwanda, Warundi, Wasomali na wengine, baadhi tumekimbia vita ambavyo tulikuwa pande tofauti, sasa tunachota maji bomba moja. Wimbo wa hasira katika mahali kama hapa ni kiberiti. Rwanda ilionyesha mwaka 1994 muziki unavyoweza kutumika. Ni kweli. Mwanamuziki Simon Bikindi alifikishwa mbele ya mahakama ya kimataifa Arusha. Lakini tuisome hukumu vizuri: mwaka 2008 alifungwa miaka 15 kwa maneno aliyoyasema kwa kipaza sauti barabarani, akichochea watu wawaue Watutsi. Hakufungwa kwa ukali wa sauti yake. Nyimbo zake zenyewe zilikuwa tamu masikioni, watu walizicheza harusini. Basi hatari haiko kwenye gita linalokwaruza. Hatari iko pale wimbo, uwe laini au mkali, unapoelekeza kidole kwa kabila badala ya tendo.

Kwa hiyo naongeza sharti kwenye kipimo changu, na nalitia mwenyewe bila kulazimishwa na mwandaaji yeyote: taja tendo, taja cheo, taja sheria, taja gunia lililopungua; usitaje kabila. Leopold ni mtu na tendo. Viza ni sheria. Kodi ya nyumba ni kodi ya nyumba. Hasira ya namna hiyo haiwashi moto kati ya majirani. Inawakusanya, kwa sababu Mrundi na Mkongo wamesimama foleni ileile, na mgao wao umekatwa siku ileile. Wimbo wa amani unatuomba tusahau tofauti zetu. Wimbo mkali unaotaja jambo lenyewe unatukumbusha tunachofanana.

Nawageukia wanaopanga majukwaa. Makazi haya yapo tangu 1958. Wamekuja watu, wamerudi watu, wamezaliwa watu, na katika miaka yote hiyo tumewashukuru vya kutosha. Siombi studio, wala siombi wageni kutoka Ulaya waje kuturekodi. Naomba kitu chepesi zaidi: katika shindano lijalo, wekeni saa moja isiyo na mada. Msisome maneno kabla. Yeyote atakayetukana kabila la mtu ashushwe jukwaani na sisi wenyewe tutasaidia kumshusha. Wengine waacheni.

Na ninyi vijana wenzangu wa New Congo, Kashojwa na Kabazana, msisubiri saa hiyo. Simu yenye programu ya kurekodi inatosha, jerikani ni ngoma, na gita la kanisa halifanyi kazi Jumatatu. Pigeni kwa kasi mnayotaka. Ila maneno yatamkeni wazi, kwa Kiswahili, ili anayehusika akisikia asiweze kusema hakuelewa.