Boti za Naivasha: mchoro mzuri hautoshi

Juzi nilikuwa Naivasha, kaunti ya Nakuru, nikateremka ziwani kutazama vyombo. Kijana mmoja anayeunda boti za faiba za kubebea watalii aliona kofia yangu, akajua nimetoka wapi. Akanionyesha kwenye simu mchoro wa boti yake mpya, unang'aa kama tangazo.

"Ustadh, nyinyi ni watu wa bahari. Ninunue programu gani ya kuchorea?"

Mimi si fundi, lakini nilimuuliza ambalo mzee yeyote wa Lamu angeuliza: abiria kumi wakiinuka wote upande mmoja kumpiga picha kiboko, boti itasimama au itapinduka? Mchoro haukuwa na jibu. Alikuwa ametumia programu ya kuchorea nyumba.

Kosa liko hapo. Programu ya boti haichaguliwi kwa uzuri wa picha bali kwa hesabu. Rhino ni hodari wa kuunda umbo, na wengi huiongezea Orca3D ili wapate hesabu za uthabiti. Maxsurf hupima uthabiti kwa kila namna ya shehena, ila gharama yake ni ya kampuni, si ya fundi mdogo. DELFTship ina toleo la bure linaloonyesha chombo kitadidimia kiasi gani kwa uzito fulani. Nilimwambia aanze na hilo.

Na aandike aina ya maji. Lita 1,000 za maji ya bahari zina uzito wa takriban kilo 1,025, lakini za maji matamu ya Naivasha ni kilo 1,000. Boti iliyopimwa Mombasa itakaa chini zaidi ikifika Naivasha na mzigo ule ule.

Haya si mambo ya watalii tu. Mwaka 2025 ziwa lilipanda, mtaa wa Kihoto ukafurika, na watu wakatolewa majumbani kwa boti. Mama aliyepakata mtoto hapandi picha, anapanda hesabu ya fundi.

Sisi wa pwani nasi tusijigambe. Mafundi wetu wanajua kwa jicho mkuku uweje, mataruma yapanuke wapi, farumi ikae wapi. Lakini jicho halisomeki kwenye karatasi za zabuni, na mzee akifariki huondoka nalo. Jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyotupwa na kuzinduliwa 2018, lilifika hadi Ziwa Victoria mwaka 2021. Ujuzi wetu unaweza kupanda bara.

Basi kaunti za Lamu, Mombasa na Nakuru ziwakalishe pamoja: mzee na jicho lake, kijana na kompyuta yake. Chuo cha Bandari Maritime Academy kiko Mombasa, mahali pa kukutania papo. Kijana wa Naivasha amekwisha kuuliza. Nani kwetu atamjibu?