Daftari Mbili, Duka Moja



Ndugu zetu katika imani, kuanzia Ombaci hadi Koboko biashara nyingi ni za kifamilia. Mali huletwa kutoka Kampala, nyingine huuzwa hapa, nyingine huvuka kwenda Kongo na Sudan Kusini. Mtunza hesabu huwa mmoja tu, mara nyingi kijana wa nyumbani aliyesomeshwa na mwenye duka huyo huyo. Basi baba yake mdogo akimwambia, "Mwanangu, weka daftari mbili, moja yetu na moja ya URA," atamkataliaje?

Wazee wengi huwalaumu wahasibu vijana kuwa hawana uaminifu. Sisi tunasema lawama ianze kwa anayeamrisha. Katika kampuni kubwa mhasibu anaweza kumkimbilia mkaguzi au bodi. Dukani hana wa kumkimbilia.

ICPAU, taasisi ya wahasibu ya Uganda, inawataka wanachama wake wafuate misingi mitano: uadilifu, kutopendelea, ujuzi na uangalifu, kutunza siri, na mwenendo unaolinda heshima ya kazi. Kutunza siri si kuficha uongo. Nasi Waislamu tunajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqarah 282, inahusu kuandikiana madeni, na inamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu.

Wengine watasema kodi ni nzito: VAT ni asilimia 18, na tangu 2021 wafanyabiashara waliosajiliwa VAT wanabanwa na risiti za EFRIS. Malalamiko hayo yasemwe wazi mbele ya wanaohusika. Lakini daftari ya uongo haiidhuru URA peke yake. Zaka itahesabiwa kwa daftari ipi? Mshirika atagawiwa faida kwa ipi? Na mwenye duka akifariki, mjane na mayatima wataonyeshwa ipi? Hapo ndipo mirathi hupotea na ndugu hufikishana mahakamani.

Wazazi, msimsomeshe kijana kisha mkamdai arudishe ada kwa kuandika uongo. Mkimzoesha kuidanganya serikali kwa faida yenu, mmemfundisha namna ya kuwadanganya ninyi.

Nanyi wanafunzi wa uhasibu, kataeni mapema, tena kwa adabu: "Baba, nitaandika kilichouzwa na kilichonunuliwa, basi." Anayekubali mara ya kwanza kwa kuombwa, mara ya pili huamriwa.

Wabillahi tawfiq.