Treni ikifuata madini tu, itaondoka nayo

Siku hizi vijana wakimbizi tunaoishi Burundi, kuanzia hapa Gasenyi mpaka kambini, tunaongea sana habari za reli. Mwezi wa kwanza 2025 Burundi na Tanzania zilisaini mkataba na makampuni ya China wa kujenga kilomita 282, kutoka Uvinza mpaka Musongati kwenye nikeli. Tunafurahi, kwa nini tusifurahi? Lakini jamani, kabla ya vigelegele tuangalie majirani.

Huko Uganda, reli ilifika Kasese 1956 kwa sababu ya shaba ya Kilembe. Shaba ilipanda treni mpaka Jinja, ikayeyushwa huko. Mgodi ulipofungwa, reli ikakosa mzigo wake mkubwa, matengenezo nayo yakalegea. Miaka ya 1990 treni zikaacha kabisa kwenda. Stesheni ikabaki bila kazi, majani yakaota relini.

Sasa tuje Mpanda, Tanzania. Waingereza walijenga tawi la reli kutoka Kaliua wakifuata madini ya risasi. Mgodi ule ulikufa zamani, lakini treni bado inakwenda. Mbona? Reli hiyo inapita Katumba, ambako Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa mashamba. Walifyeka pori, wakalima mahindi, maharage, muhogo na tumbaku. Hatusemi wakimbizi peke yao ndio waliokoa reli. Tunasema pale kulikuwa na watu wa kusafiri na magunia ya kupakia, hata baada ya risasi kuisha.

Ndiyo maana tunaomba mambo mawili. Wanaopanga reli ya Musongati waweke stesheni na maghala karibu na wakulima, siyo mgodini tu. Na ninyi ndugu zetu wa mashirika, kozi za ushonaji na kusuka nywele tumezipata nyingi, asanteni. Sasa tutafutieni pia kuchomelea vyuma, umeme, na kuhifadhi mazao. Kazi ya reli itaanza na watu wanaojua kazi, haitatusubiri sisi tujifunze.

Mkimbizi siyo mdomo wa kulishwa tu. Akipewa shamba na ufundi, yeye ndiye mzigo wa treni na nauli yake. Nikeli itaisha siku moja. Mwenye gunia la maharage atakuwepo bado, amesimama stesheni anangoja.