Hoki ya barafu: Uanachama umepatikana, uwanja ungali mmoja

Kukubaliwa kwa Kenya kuwa mwanachama mshiriki wa Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu (IIHF) mwaka 2024 kuliipa timu ya Ice Lions hadhi iliyoitafuta kwa miaka mingi. Hata hivyo, hadhi hiyo imeegemea ukumbi mmoja wa barafu, ulio katika hoteli ya Panari kando ya Barabara ya Mombasa jijini Nairobi, na uliofunguliwa mwaka 2005. Suala lililopo sasa si iwapo Wakenya wanaumudu mchezo huu, bali ni vijana wangapi wataweza kuifikia barafu yenyewe.

Ukumbi huo ni wa kibinafsi na ulikusudiwa burudani. Ni mdogo kuliko kipimo cha kimataifa, ambacho ni urefu wa meta 60 na upana wa meta 26 hadi 30. Kwa muda mrefu wachezaji walijigawa na kushindana wao kwa wao kwa kukosa wapinzani nchini, hadi walipoalikwa Kanada mwaka 2018 na kucheza pamoja na nyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka 2020, hatua za kudhibiti UVIKO-19 zilipofunga maeneo ya burudani, ilidhihirika jinsi mchezo unaotegemea mlango mmoja unavyoweza kusimama kwa siku moja.

Gharama ndiyo kizingiti kikuu. Chini ya barafu hupita mabomba yenye kimiminika baridi kinachoondoa joto usiku na mchana, na hewa ya ukumbini sharti ipunguzwe unyevu. Mitambo ikizimwa, barafu huyeyuka. Gharama hizo hazipungui hata wateja wakiwa wachache, hivyo kila saa ya barafu ni ghali. Kijana asiye na nauli, ada wala viatu vya kuteleza hubaki nje, hata awe na kipawa.

Sheria imekwisha kuonyesha wajibu wa kila upande. Jedwali la Nne la Katiba limeikabidhi Serikali ya Kitaifa ukuzaji wa michezo na elimu ya michezo, na kuzipa serikali za kaunti vifaa na viwanja vya michezo. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 nayo inavitaka vyama vya michezo visajiliwe na Msajili wa Michezo.

Kujenga ukumbi wa umma kungehitaji fedha nyingi, na kungeshindana na mahitaji ya viwanja vya kandanda na riadha vinavyotumiwa na wengi zaidi. Kwa hivyo, hatua iliyo karibu ni makubaliano ya kutenga saa maalumu kwa shule katika ukumbi uliopo, sambamba na kuandaa sakafu laini za kuteleza kwa magurudumu mitaani. Wachezaji kadhaa wa Ice Lions walianzia kwenye magurudumu, na mbinu za msingi za mizani na kasi zinafanana. Sakafu ya saruji haihitaji mtambo wa kupoza, na kaunti yoyote inaweza kuiandaa.

Uanachama umefungua mlango wa nje. Mlango wa ndani utafunguliwa na mipango ya kaunti, shule na wamiliki wa ukumbi kwa pamoja.