Watoto wapandishwe kileleni mwa KICC

Kila mwaka, mabasi ya shule kutoka pembe zote za nchi huingia jijini Nairobi na kusimama karibu na Jumba la Mikutano ya Kimataifa la Kenyatta, ambalo wengi hulijua kwa jina KICC. Watoto hushuka, hupigwa picha mbele ya sanamu ya Mzee Jomo Kenyatta, huinua nyuso kulitazama jumba hadi shingo zikawauma, kisha huamrishwa warudi basini. Walio wengi hurejea makwao bila kujua kwamba juu ya paa lile pana kiwanja cha kutua helikopta, ambako hata mwananchi wa kawaida huruhusiwa kusimama na kulitazama jiji zima.

Hilo ni jambo la kusikitisha. Jumba hili si jengo tu kama mengine. Lilisanifiwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norway akishirikiana na Mkenya David Mutiso. Mwanzoni lilikusudiwa kuwa makao makuu ya chama cha KANU, lakini mpango huo ukapanuliwa, na mnamo Septemba 1973 likapokea mkutano wa mwaka wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, wa kwanza kufanyika barani Afrika. Kwa miaka mingi lilikuwa mikononi mwa KANU, hadi serikali ya NARC ilipolitwaa kwa niaba ya umma mnamo Februari 2003. Kwa urefu wake wa mita 105, limekwisha kupitwa mbali na Britam Tower ya Upper Hill, yenye mita 200. Hata hivyo, hakuna jengo jingine ambalo historia ya taifa hili imeandikwa kutani mwake kwa wino uliokolea namna hiyo.

Mtoto akifika juu hujifunza kwa dakika chache yale ambayo kitabu humfundisha kwa muhula mzima. Ng'ambo ya barabara ataona Majengo ya Bunge na mnara wake wa saa. Upande wa kusini ataona stesheni ya reli, ile reli iliyofika hapa mwaka wa 1899 na kuuzaa mji huu kinamasini. Na mbele zaidi, Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka wa 1946. Akielekeza macho kusini-magharibi, ataona mabati ya Kibera, na nyuma yake vilima vya Ngong. Hapo ndipo atakapotambua, bila kuambiwa na mtu, jinsi Bunge na Kibera zilivyo karibu kwa macho na jinsi zilivyo mbali kwa maisha. Swali atakaloliuliza mwalimu wake wakiteremka ndilo somo lenyewe.

Lakini safari ya namna hii yahitaji maandalizi. Kwanza, wakati. Shule nyingi hufanya ziara zao katika muhula wa pili, na sote twajua kwamba Juni, Julai na Agosti ni miezi ambayo Nairobi hujifunika blanketi la mawingu. Januari na Februari ni afadhali zaidi, tena asubuhi, kabla ya ukungu wa joto na moshi wa magari kutanda. Siku iliyotakata, mwenye bahati huuona hata Mlima Kenya. Pili, jumba hili ni la mikutano. Mkutano wa Afrika kuhusu Tabianchi ulipofanyika hapo Septemba 2023, hata barabara za karibu zilifungwa. Mwalimu asiyeuliza mapema ataambulia lango lililofungwa. Tatu, kuna ada, nayo hubadilika. Heri iulizwe na ijumlishwe katika mchango wa wazazi tangu mwanzo, badala ya watoto kuambiwa langoni kwamba pesa hazitoshi. Mwisho, mwalimu na abebe ramani ya jiji, ili macho ya watoto yawe na la kutafuta.

Wasimamizi wa jumba nao wana wajibu wao. Tunawasihi watenge angalau asubuhi moja kila wiki ya muhula wa kwanza kwa ajili ya shule za umma, bila malipo yoyote, na watangaze mapema siku ambazo kilele kitafungwa. Lifti ile hupanda na kushuka hata pasipo na wageni. Kumbeba mtoto wa Turkana au wa Kwale hakutaifilisi serikali.

Twasema haya tukikumbuka kwamba mnamo Novemba 2023 serikali ililiorodhesha jumba hili miongoni mwa mashirika 11 ya kubinafsishwa. Septemba 2024, Mahakama Kuu iliamua kwamba hili ni turathi ya taifa inayolindwa na sheria, na kwamba kuliuza ni kinyume cha Katiba. Uamuzi huo tunauunga mkono. Lakini sheria peke yake haitoshi kulinda kitu ambacho wenyewe hawakijui. Mwananchi ambaye hajawahi kukanyaga kilele kile atapata wapi uchungu wa kukitetea siku kitakapotiwa mnadani tena?

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Watoto wetu wamengoja chini, miguuni pa sanamu, kwa zaidi ya miaka 50, huku wageni wa mikutano wakipanda na kushuka. Wakati umewadia nao wapandishwe, waione nchi yao kwa macho yao wenyewe.